Wenye biashara Mbeya, Iringa na Njombe: kabla hujamtumia mtu hela ya "linki 5,000" pita hapa kwanza

#1 Mtu wa Uyole (mleta mada)

Wakuu habari za mchana. Mods naombeni uzi ubaki huku kwenye teknolojia, msiupeleke kwenye biashara maana kule utazama katikati ya matangazo ya viwanja.

Natengeneza websaiti za biashara ndogondogo huku kwetu nyanda za juu kusini, na kuna swali naulizwa na kila mteja siku hizi. Mmoja ana gesti Tukuyu, mwingine anapeleka wageni Ziwa Ngozi, mwingine mbao. Wote wametumiwa tangazo la aina moja WhatsApp, "tunakupandisha peji ya kwanza Google, bakilinki 5,000, DA 50 kwenda juu, elfu themanini tu, unatanguliza nusu". Bakilinki ni linki iliyowekwa kwenye saiti nyingine ya kuleta watu kwako, na DA ni alama ya nguvu ya saiti, nitaielezea mbele. Wanauliza ni utapeli au ni kweli? Jibu langu huwa linawashangaza: linki utaletewa kweli kabisa, tena zinaweza zikazidi hizo elfu tano. Shida inaanzia hapo.

Kwa wasiojua turudi nyuma kidogo. Zamani mitambo ya kutafuta ilikua inategemea sana maneno yaliyomo ndani ya peji, kwahiyo mtu akirudia "hoteli hoteli hoteli" mara mia mbili anatokea juu. Larry Page na Sergey Brin wakiwa wanafunzi pale Stanford wakaangalia jinsi wasomi wanavyofanya, andiko linalotajwa na maandiko mengi mengine linaonekana lina uzito, wakasema na mtandaoni iwe hivyo hivyo. Wakaiita PageRank, na kampuni yenyewe wakaianzisha 1998. Kila linki inayokuja kwako kutoka saiti nyingine inahesabika kama mtu amekutaja, ila sio wote wanaokutaja wana uzito sawa: akikutaja anayetajwa na wengi unapata zaidi, na akiwa anataja watu elfu moja kwenye peji moja basi kila mmoja anaambulia kidogo sana.

Ichukulie kama barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Unaenda benki nayo wanakusikiliza kwa sababu mwenyekiti anakujua. Sasa mwenyekiti akianza kuuza barua buku mbili mbili kwa yeyote anayepita, wiki ya kwanza zitafanya kazi, baadae benki wakishtuka hawazipokei tena barua za mtaa ule, hata ya mzee wa watu aliyezaliwa palepale.

Na ndicho kilichotokea. Watu walijaza linki kwenye komenti za bloga mpaka January 2005 Google, Yahoo na MSN wakakubaliana kuleta lebo ya nofollow, yaani linki ipo, unaibonyeza unafika, lakini mwenye saiti anasema hii mimi sijaidhamini. WordPress, ile programu ya kutengenezea saiti na bloga, inaiweka yenyewe kwenye linki za komenti. Kwahiyo yule dogo anayekujazia komenti za "nice post thank you" kwenye bloga za Wabrazili anakuuzia hewa.

February 2011 gazeti la New York Times wakaianika JC Penney, duka kubwa la Marekani, lilikua linatokea namba moja kwenye nguo, magodoro, mabegi, fanicha, karibu kila kitu. Kumbe kulikua na maelfu ya linki zimepachikwa kwenye saiti ambazo hata hazihusiani na nguo. Google wakalishusha, vitu vilivyokua namba moja vikaenda nafasi za sitini sabini huko. Wenyewe walisema hawakujua wakaachana na waliokua wanawafanyia SEO, yaani kazi ya kupandisha saiti Google. Na msidhani Google wanawaonea wengine tu, January 2012 walilishusha peji la Chrome, bidhaa yao wenyewe, kwa sababu ya posti za kulipiwa zilizokua na linki.

Alafu tarehe 24 April 2012 Google wakaleta Penguin, ya kuzishusha saiti zenye linki za hila. Hii haikua adhabu ya mtu mmoja mmoja, ilikua programu inapita yenyewe, na walisema iligusa kama asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Watu waliamka asubuhi biashara haipo. September 2016 Penguin ikaingizwa moja kwa moja kwenye mfumo mkuu na ikabadilika tabia, badala ya kukushusha saiti nzima ikawa zaidi inazipuuza linki mbovu. December 2022 wakatangaza wanatumia mfumo wao wa akili mnemba, SpamBrain, kuwajua wanaonunua linki na hata saiti ambazo kazi yake ni kuziuza.

Hilo neno kupuuza ndo watu hawalielewi. Wengi wanaogopa kufungiwa, mimi nakwambia linalokupata mara nyingi ni baya kwa namna nyingine: HAKUNA kinachotokea. Umetoa elfu themanini, umepewa faili la Excel lina mistari elfu tano, na Google wamezipa linki zote sifuri. Hujapanda, hujashuka, na huna wa kumlalamikia maana alichokuahidi amekuletea.

Nakuja na sehemu ya pili, ngoja nipate chai.

#2 Viazi Mviringo

Nipo paleee nimekaa na mchuzi wangu wa maharage. Shusha nondo mkuu

#3 Linki Kijana

Mleta mada unaongea nadharia sana. Mimi nafanya hii kazi na wateja wanapanda, screenshot zipo. Unadhani kampuni za utalii za Arusha zipo juu kwa sababu zinaandika vizuri? Kila mtu ananunua. Wewe kaa na maadili yako watu wapige hela.

#4 Mtu wa Uyole

Linki Kijana karibu, na nashukuru umekuja wazi wazi. Sibishi kitu kimoja, linki za kununua mara nyingine zinafanya kazi. Zile ghali, kwenye saiti yenye wasomaji wa kweli, makala imeandikwa na mtu, linki moja imekaa katikati ya sentensi. Google hawazikamati zote na hakuna mtu mkweli kwenye hii kazi atakwambia wanazikamata zote. Ila tusichanganye hizo na za elfu themanini. Za elfu themanini zinatoka kwenye programu inayojisajili yenyewe kwenye saiti za ovyo usiku kucha na kukopi na kupesti.

Na hiyo DA mnayoweka kwenye matangazo wakuu naomba muielewe. Domain Authority ni namba ya kampuni inaitwa Moz, inaanzia 1 mpaka 100, ni makadirio yao wao. Google haiitumii. Na inaweza kupandishwa kwa hizohizo linki za ovyo, ndo maana unaona saiti ina DA 60 na haina hata msomaji mmoja.

Sasa hapo kwenye Arusha umenipa njia ya kuingilia hoja yangu kubwa, na hii ndo sababu hasa ya huu uzi.

Chukua simu yako sasa hivi andika "bei ya mbao Mafinga", au "nauli Mbeya kwenda Matema", au "gesti nzuri Tukuyu yenye maji moto". Angalia kinachokuja. Posti za Facebook za zamani, uzi wa humuhumu ndani watu wanabishana, video moja ya YouTube. Yaani HAKUNA MTU aliyekaa chini akaandika peji inayojibu hilo swali. Sasa wewe unanunua linki elfu tano kushindana na nani? Kwenye Kiswahili, kwenye mambo ya huku kwetu, mara nyingi uwanja mtupu, ukiweka peji moja ina bei, ina picha, ina tarehe ya lini bei imebadilishwa, unakaa juu bila linki hata moja ya kulipia. Nimeona kwa wateja, sio mmoja.

Linki zinakua na maana pale wengi wanagombania neno moja. "Tanzania safari" kwa Kiingereza hapo sawa, kuna makampuni miaka na miaka yanagombania, peji nzuri peke yake haitoshi. Lakini muuza mbao wa Mafinga hagombanii hilo neno. Anauziwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

#5 Mbao Mafinga

Mleta mada umenigusa pabaya, mimi ndo hao hao, nilikua nimeshaandaa kutuma hiyo hela leo jioni. Sasa naomba nieleweshwe kikawaida, mimi ni mtu wa kenchi na papi sijui haya mambo. Nifanye nini nionekane mtu wa Dodoma akitafuta mbao?

#6 Mtu wa Uyole

Mzee wangu shikamoo kwanza, na usitume.

Kwanza jisajili kwenye ramani ya Google, ni bure, inaitwa Google Business Profile, weka yadi yako ilipo, namba ya simu, saa za kufungua, picha za mbao zenyewe zikiwa zimepangwa sio picha ya kuchukua mtandaoni. Wateja waliokuja waombe waandike maoni, wa kweli, usimpe mtoto wa dukani aandike kumi kwa siku moja.

Alafu kwenye websaiti yako weka peji moja tu ya bei. Mbili kwa nne shilingi ngapi, mbili kwa sita, papi, yenye dawa na isiyo na dawa tofauti yake nini, lori la kwenda Dodoma linabeba ngapi na nani analipa ushuru njiani. Wewe hayo unajibu kwenye simu kila siku mpaka koo linakauka, yaandike mara moja. Na kila bei ikibadilika badilisha na tarehe.

Linki zitakuja zenyewe kwa namna ambayo hutegemei. Fundi wa Dodoma mwenye bloga ya ujenzi akiandika makadirio ya kuezeka nyumba atahitaji sehemu ya kuonyesha bei ametoa wapi, atakutaja wewe kwa sababu hana pengine. Hiyo moja nakuhakikishia ina uzito kuliko lile faili la Excel lote.

#7 Kamwene Dada

Kamweneee wana Iringa! Naunga mkono hoja ila naomba niongezee kwa upande wa utalii maana sisi hatuna huo uwanja mtupu anaousema kaka. Mgeni wa Ujerumani anatafuta Ruaha kwa Kiingereza na juu zimejaa kampuni kubwa tupu. Sisi wadogo wa Iringa mjini tulishindwa kabisa kwenye neno Ruaha, tukaamua kushuka kwenye vitu vidogo. Isimila, pale kwenye nguzo za mchanga na zana za mawe, ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini lakini maelezo ya mtandaoni mengi ni yale yale yanakopiwa. Tukaandika la kwetu: bodaboda inakuachia wapi, bajaji shilingi ngapi, nani anakupokea, uvae viatu gani, mvua ikinyesha lile korongo linakuaje. Tukapiga picha zetu. Na Kalenga hivyo hivyo, watu wanajua fuvu la Mkwawa lilirudi 1954 ila hawajui makumbusho yanafunguliwa saa ngapi.

Wasafiri wanaoandika bloga zao wakaanza kutuwekea linki bila sisi kuomba. Wengine tuliwaandikia imeili, tuliona peji yao ina linki iliyokufa, tukawaambia kistaarabu dada/kaka hii linki yako haifunguki, sisi tuna maelezo ya karibuni ukipenda. Wengi hawajibu. Wachache wanajibu na kubadilisha.

Swali langu sasa. Kuna bloga mmoja wa nje anataka kulala bure siku tatu kwenye lodge ya rafiki yangu alafu aandike na kuweka linki. Hiyo nayo ni uchafu? Maana hakuna hela iliyotoka.

#8 Mtu wa Uyole

Dada hapo ndo patamu, na jibu litawaudhi wengi. Kwa kanuni za Google, ndiyo, inahesabika. Wameandika wazi kwamba kununua linki sio hela tu, hata ukitoa bidhaa au huduma ili mtu akuwekee linki ya kukupandisha ni kununua. Kulala bure ni huduma.

Haina maana mgeni asije. Aje, ale, alale, aandike anavyoona mwenyewe, kama maji ya moto yalikatika aseme yalikatika, ila ile linki aiweke lebo ya sponsored, yaani imelipiwa. Hiyo lebo waliileta September 2019 pamoja na nyingine ya ugc kwa vitu wanavyoandika watumiaji kama sisi humu. Ikiwa na lebo kwa kawaida haikupi nguvu ya kuranki, yaani kutokea juu Google, lakini wasomaji wake watabonyeza na kuja, na wengine kati yao watawaandika bila kulipwa. Mimi kwa mtazamo wangu lodge yenye vyumba sita inahitaji wageni, hizo nguvu za kuranki ni za kuhangaika nazo baadae. Interflora wa Uingereza, wauza maua, 2013 waliondolewa hata kwenye jina lao wenyewe kisa makala za kulipia kwenye magazeti ya mikoani zenye linki zisizo na lebo. Wakarudi ndani ya siku kama 11 ila walihangaika kufuta.

#9 Linki Kijana

Sasa mbona wewe mwenyewe fundi, kila saiti mnayotengeneza chini kabisa mnapachika "imetengenezwa na fulani" na linki yenu? Hizo si linki za kujipa mwenyewe? Saiti arobaini zote zinakutaja wewe kwa maneno yaleyale. Jibu hilo tuone 😂

#10 Viazi Mviringo

Hahahaha amekamatwa mtu wa Uyole. Nasogeza kiti

#11 Mtu wa Uyole

😂 Swali halali kabisa na ni zuri. Ninayo hiyo kwenye saiti za wateja, inakaa peji ya mwanzo tu sio kila peji, na ina nofollow. Google wanazihesabu linki zilizosambazwa chini ya saiti nyingi kama linki za hila, ndo maana naiwekea lebo. Fungua saiti yoyote niliyotengeneza angalia code yake, utaikuta. Kazi yake ni mteja mwingine akiipenda saiti ajue amtafute nani, basi.

Na umegusa kitu cha maana, maneno yaleyale. Mtu wa kawaida akikutaja anasema "hawa jamaa wa Mafinga", "soma hapa", au anaweka jina la duka lako tu. Mtu aliyelipwa anaandika "mbao bei nafuu Mafinga Iringa Tanzania" mara mia tatu neno kwa neno. Hata mtu asiye na kompyuta ataona hiyo sio kawaida, sembuse mashine.

#12 Mwandishi wa Njombe

Wakuu mimi nina bloga ya habari za mkoa na kilimo, parachichi, viazi, chai, nimeiendesha kwa miaka. Niko upande wa pili wa hii biashara. Kila wiki napata imeili kutoka nje, wanataka niweke makala yao yenye linki za kasino, wanalipa kwa dola, kiasi ambacho matangazo yangu hayaingizi kwa mwezi. Nimekataa mpaka sasa. Ila nisiseme uongo hosting, yaani malipo ya sehemu saiti inapohifadhiwa, inaisha mwezi ujao na najiuliza nakataa kwa ajili ya nani.

#13 Mtu wa Uyole

Mkuu nakuelewa na sitakuhubiria. Ila angalia hesabu yake. Wanakulipa kwa sababu bloga yako ina jina zuri, miaka ya kuandika bei za viazi na kero za barabara. Wanakodi hilo jina. March 2024 Google walitangaza sera za hiki kitu chenyewe, walikiita kutumia vibaya sifa ya saiti, yaani saiti yenye heshima inapangisha makala za watu wengine zisizohusiana ili ziranki kwa mgongo wake, na kuanzia May mwaka huo wakaanza kuziadhibu. Walitaja kwenye tangazo hilohilo pia kununua domeini (jina la saiti) iliyokwisha muda ili kutumia sifa yake ya zamani, ndo maana usipolipia domeini yako ikaangukia kwa hao jamaa, kesho utaikuta ina kasino na jina ni lako lilelile. Hosting hata ukichelewa unaweza kuhama, domeini USIIACHE.

Kama unataka hela ya matangazo, uza matangazo ya kweli. Wauza miche ya parachichi Njombe wapo kibao, wauza mbolea, mabasi. Andika juu "tangazo", linki weka sponsored, hakuna anayekukataza. Google hawajawahi kukataza matangazo, wanakataza tangazo linalojifanya sio tangazo.

#14 Kamwene Dada

Mwandishi wa Njombe mimi nasoma bloga yako kila wiki ile ya bei za viazi, tafadhali usiweke kasino 🙏 tuongee PM kuna rafiki yangu anauza miche anatafuta sehemu ya kutangaza

#15 Tabasamu la Kabwe

Nauliza kwa niaba ya shule ninapofanya kazi ICT, sitaji jina. Mzazi alitafuta shule yetu Google akakuta maandishi ya ajabu, "slot gacor" sijui nini, lugha ya Kiindonesia, lakini ukifungua saiti kwa kawaida ni shule tu na picha za mahafali. Mkuu wa shule anasema nimeleta kamari shuleni. Hii nayo ni linki au ni uchawi?

#16 Mtu wa Uyole

Uchawi hapana mkuu 😂 mmedukuliwa. Na hii ndo chini kabisa ya hii biashara, wakati wengine wananunua linki hawa wanaziiba. Wanatafuta saiti za shule, vyuo na serikali duniani kote kwa sababu majina ya aina hiyo yanaaminika, wanaingia kupitia plagini (programu ndogo ya kuongezea saiti kazi) ya zamani ambayo haijaboreshwa au paswedi ya admini ambayo ni jina la shule na 123, wanapachika peji elfu na elfu za kamari. Wanaificha makusudi, ukifungua wewe unaona mahafali, roboti ya Google ikija inaonyeshwa kamari. Ndo maana hamkuiona.

Fanya hivi leo hii. Andika kwenye Google neno site, nukta mbili (:), alafu jina la saiti yenu bila nafasi katikati, utaona peji zenu wanazozijua, japo sio lazima zote. Zikiwa elfu ishirini na nyie mna peji kumi na mbili, umepata jibu. Fungua Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye saiti, kama hamna jisajilini, angalia sehemu ya usalama na ile ya "Manual actions", yaani adhabu zilizowekwa na watu wa Google. Angalia pia waliosajiliwa kama wamiliki, hawa jamaa wana tabia ya kujiongeza wenyewe humo, watoe. Badilisha paswedi zote, ya hosting, ya database, ya kila admini, futa admini msiowajua, rudisha nakala ya zamani iliyo safi kama mnayo, kama hamna basi sakinisha WordPress upya na plagini zilezile mnazohitaji tu. Usiishie kufuta zile peji, maana mlango walioingilia huwa wameacha faili lingine pembeni wanarudi usiku. Ukimaliza ndo uombe Google wakague tena, humohumo Search Console.

Na mwambie mkuu wa shule kuingilia mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nyie hapo ni wahanga. Andikeni taarifa polisi, hata kama aliyefanya yuko mbali, iwepo kwenye kumbukumbu.

#17 Tabasamu la Kabwe

Nimeangalia sasa hivi. Ni peji elfu kumi na kitu. Daah. Na kuna mmiliki mwingine ana imeili ya ajabu. Naanza kazi

#18 Linki Kijana

Sawa hiyo ya kudukua hata mimi siifanyi, tusiwekwe kapu moja. Ila nikuulize kiukweli mleta mada bila kutupiana maneno. Kijana kama mimi nina kompyuta na bando, nimejifunza hii kazi mwenyewe, wateja wanataka neno "linki 5,000" kwa sababu wanaona namba. Nikiwaambia nitakuandikia peji moja ya bei wanasema mbona hiyo naweza mwenyewe. Nile nini?

#19 Mtu wa Uyole

Hili ni swali zuri kuliko yote kwenye huu uzi na hongera kwa kuliuliza.

Wanasema wanaweza wenyewe ila hawaandiki, wewe unajua. Uza kile wasichofanya. Nenda yadini kwa Mbao Mafinga na simu yako, piga picha, muulize maswali kumi anayoulizwa na wateja, andika, pandisha, rekebisha ramani. Mwezi ujao rudi ubadilishe bei. Hiyo ni malipo ya kila mwezi, sio ya mara moja na kumblock mteja.

Na kuna vitu huku kwetu vinalilia mtu wa kuviandika. Kitulo, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na ina aina 45 za okidi za ardhini. Tafuta kwa Kiswahili uone kama kuna mtu ameandika mwezi gani ua gani linachanua na gari gani inapanda mvua zikianza. Kipunji, kima waliomtambulisha kwa dunia 2005, jina lake la kisayansi ni Rungwecebus kutokana na mlima Rungwe hapo juu ya Tukuyu, wanafunzi na watafiti wanamwandika kila siku na hakuna peji ya mtu wa huku ya kuitaja. Kimondo cha Mbozi kule Songwe hivyo hivyo. Mtu akiandika hivi vizuri na picha zake mwenyewe, vyuo watamuwekea linki, waandishi watamuwekea, na zile gesti zitamlipa awataje kama matangazo yenye lebo. Wewe una Kiingereza pia, andika lugha zote mbili.

Tena nikwambie, nina wateja wawili Tukuyu nimezidiwa nao. Nicheki PM kama upo tayari kwenda mwenyewe na sio kukaa na programu.

#20 Linki Kijana

Nimekuja PM.

#21 Mbao Mafinga

Nimejisajili ramani wameniambia nisubiri wathibitishe. Swali la mwisho, kuna mtu alishaniuzia linki mwaka juzi, nilisahau kusema. Je nizifute? Yule kijana simpati tena kwenye simu. Nimesoma mahali kuna kitu kinaitwa disavow.

#22 Mtu wa Uyole

Mzee disavow ipo tangu October 2012, ni faili la maandishi unawapa Google unawaambia linki kutoka domeini hizi msinihesabie. Ila wenyewe wanasema saiti nyingi hazihitaji, na ukikosea unaweza ukazikataa hata zile nzuri zilizokua zinakubeba. Ingia Search Console, fungua "Manual actions". Ukikuta imeandikwa hakuna tatizo lililogunduliwa, usiguse chochote, hizo za mwaka juzi pengine wameshazipuuza zamani. Ukikuta kuna ujumbe wa linki zisizo za asili, piga screenshot nitumie, hapo ndo tutakaa tuandike faili. Na hiyo peji ya bei ukiimaliza weka hapa tuikague, haswa ile sehemu ya ushuru wa njiani maana watu wa Dodoma watakuuliza hilo kwanza.